Kidato cha Tatu

Gari langu ni refu kupita kiasi. Mtu akisimama kando yake, kiti kinamfika kifuani. Sikulinunua hivyo. Lilikuwa pikapu ya kawaida, ya mtu aliyekuwa akibebea simenti pale Voi, nami nikaliinua kidogo kidogo, msimu huu springi, msimu ujao tairi, jinsi watu wetu wanavyojenga nyumba.

Kazi ndiyo iliyotaka. Siku za soko napanda Werugha kuchukua kabichi na viazi. Siku nyingine nabeba tangi la maji kwenda kwenye ranchi huko chini, ambako udongo mweusi ukilowa unashika tairi kama ugali unavyoshika mwiko. Juu ni mawe, chini ni matope, na pikapu ya chini haimalizi mvua moja. Nikaongeza springi za nyuma kutoka kwa lori lililokufa. Nikaweka tairi za meno makubwa. Nikafunga bamba la chuma chini ya injini, na bomba la hewa nikalipandisha hadi juu ya paa, ili nikivuka maji injini isinywe. Mbele kuna ngao ya mabomba na winchi, ile mashine ya waya ambayo gari linajivutia nayo lenyewe likinasa. Watu wa stendi waliniuliza kama siku hizi nalilisha majani ya juu ya miti.

Aliyefanya kazi yote hiyo ni fundi mmoja wa hapo Voi, mtu ambaye babu zake walitoka pwani na Kiswahili chake kimebaki cha huko. Siku aliyomaliza kuliinua, mke wangu alikuja gereji kuliona. Alisimama kando ya mlango wa kushoto, akautazama ule mlango, akanitazama mimi.

"Na mimi je?"

Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba mwaka huo. Hospitalini walisema moyo umechoka, maji hayatoki vizuri mwilini. Akipanda ngazi za kanisa alipumzika katikati, akijifanya anasalimia watu.

"Wewe shemeji," fundi alisema, "itabidi bwanako akununulie ngazi ya kuangulia nazi."

"Basi kamba ya kushukia asinunue," mke wangu alijibu. "Maana nikifika huko juu, sishuki tena. Chakula ataniletea huko huko."

Fundi alicheka hadi akaweka spana chini. Mimi sikucheka sana, kwa sababu nilikuwa nikiutazama mguu wake. Nilimwomba asimame karibu na ukuta na auinue polepole, auache pale pasipomuuma. Aliuinua. Haukwenda mbali. Nikachukua chaki ya fundi, nikapiga mstari ukutani chini ya kisigino chake.

"Kiweke hapo," nilimwambia fundi.

"Kidato?"

"Ndiyo. Stepu."

Sisi watu wa milimani tunasema stepu. Yeye akasema kidato, na mke wangu alipolisikia neno hilo alishika mdomo. "Kidato! Mwenzangu huyu shule aliiachia kidato cha pili. Leo amepata cha tatu, na ni cha chuma." Tangu siku hiyo kikawa na jina. Akitaka twende mahali angesema, "Nipeleke kwenye kidato cha tatu." Ni kweli niliiacha shule nikiwa kidato cha pili. Halikuniuma jambo hilo akilisema yeye.

Fundi aliutazama ule mstari wa chaki, akatikisa kichwa. "Bwana, umeinua gari lote halafu unalishusha upande mmoja. Hiki kitaning'inia chini mno. Jiwe la kwanza litakishika."

"Nitalikwepa."

"Mlima hauna heshima na mke wa mtu."

"Wewe choma. Na ukichomelee kwenye chesisi yenyewe, kisitikisike akikanyaga."

Akakichomelea kwenye chesisi, ule uti wa chuma unaobeba gari zima, akarudia, akaongeza na vipande vya kukaza pembeni. Juu yake tulifunga kipande cha mpira tulichokata kwenye tairi kuukuu ili kiatu kisiteleze. Hakikutikisika. Mke wangu alikipanda siku ya kwanza kama mtu anayeingia nyumbani kwake, akakaa, akaniambia kupitia dirishani, "Sasa tunaweza kwenda."

Tulienda misimu michache. Kisha moyo wake ulikataa. Tulimzika kwetu Mbololo, upande wa juu wa shamba, mahali ambapo udongo hausombwi na maji. Hatukujaliwa mtoto.

Sina maneno mengi juu ya siku zile. Nilirudi kazini upesi kwa sababu nyumbani kulikuwa kimya. Lakini kazi yenyewe ilikuwa ndani ya gari lile, na gari lile lilikuwa na kidato. Jioni nilipoliosha nilianza na kile chuma. Nilitoa matope kwa kijiti kwenye mpira, mahali ambapo kisigino chake kilikuwa kimelainisha meno ya tairi. Leso yake ilikaa nyuma ya kiti. Sikuitoa, na sikuinusa pia, kama watu wanavyosimulia. Niliiacha tu.

Fundi alikuwa amesema kweli. Kidato kiliharibu kazi yote ya kuinua gari. Jiwe ambalo ningelipitia juu, nililizunguka. Kule kwenye ranchi kilishika visiki na kukusanya nyasi. Kuna njia nilizikataa na wateja wakatafuta mtu mwingine. Nilikuwa na gari la juu na nikaliendesha kama gari la chini. Kila nilipopeleka gari kwa huduma, fundi alichukua grainda ya kukatia chuma, akaiinua bila kuiwasha.

"Leo?"

"Wacha."

"Haya."

Hakuuliza zaidi. Ningemwambia ni kwa sababu ya marehemu, na ingekuwa kweli, lakini isingekuwa kweli yote. Kulikuwa na jambo lingine, na hilo lilikuwa Mghange.

Mama wa mke wangu anaishi Mghange, peke yake na ng'ombe mmoja wa maziwa. Ana presha na sukari, na goti moja halikunji. Kila mwezi anatakiwa kliniki Voi. Mke wangu alipokuwa hai tulikwenda kumchukua pamoja. Wiki ya pili baada ya mazishi, simu ililia.

"Mkwe," alisema, "kesho ni kliniki."

"Sawa, mama."

Ndiyo maneno yote. Nilikwenda. Mwezi uliofuata akapiga tena, maneno yale yale, nami nikajibu vile vile.

Kwa wazee wetu, mtu na mama mkwe wake wana mpaka. Hamshikani mikono. Hamkai benchi moja. Huingii jikoni kwake. Siku hizi wengi wameacha, wanakumbatiana hadi kwenye picha. Yeye hakuacha, na mimi sikuwa mtu wa kumwachisha. Zamani haikuwa shida, kwa sababu gari langu lina kiti kirefu cha watu watatu, na mke wangu aliketi katikati yetu. Maneno yalipitia kwake.

"Mwambie mumeo apunguze mwendo," mama angesema.

"Mama anasema upunguze mwendo."

"Mwambie mama mwendo ni ule ule."

"Anasema ni ule ule."

"Basi mwambie ule ule ni mbaya."

Na sote watatu tulikuwa tunasikiana wazi, bega kwa bega. Mke wangu angeinua macho juu na kusema kwamba siku moja atashuka atuache tuandikiane barua.

Sasa katikati hapakuwa na mtu. Mama alikanyaga kidato cha bintiye, akajivuta kwa mkono wa chuma uliofungwa kando ya mlango, akaketi mlangoni kabisa. Mimi nikaketi kwangu. Nafasi kati yetu ilibaki na hakuna aliyeweka hata mfuko. Tuliteremka hadi lami, tukapita Mwatate, tukafika Voi, bila neno. Nikamngoja nje ya kliniki. Tukarudi bila neno. Nimebeba mawe, saruji, na ng'ombe mgonjwa aliyepiga mateke njia nzima. Sijawahi kubeba mzigo ulionichosha kama kimya kile.

Niseme ukweli: sikutaka kwenda. Simu ilipolia niliiacha iite kwanza. Kaka yangu aliliona.

"Hakuna mtoto pale," aliniambia tukiwa shambani. "Umeoa, umezika, umemaliza. Kila mwezi unapanda kwa nani?"

"Kwa mkwe."

"Mkwe wa nani? Mke hayupo, mkwe anatoka wapi?"

Niliendelea kulima. Neno lenyewe linanisumbua hadi leo. Mkwe ni mimi kwake na ni yeye kwangu, neno moja linatutosha wote wawili, kama kamba yenye ncha mbili. Lakini aliyeifunga hiyo kamba katikati ameondoka. Nani amwambie mwenzake aachie? Yeye ni mzee, hawezi kuniambia nisije, nani atampeleka? Mimi ni mkwe, siwezi kumwambia siji. Tulikuwa tumefungwa humo ndani wote wawili, na nadhani hata yeye alitamani kushuka.

Sasa kidato. Nilijua kwamba siku kitakapokatwa, mama hataweza kupanda. Goti lile halifiki kifuani mwa mtu. Na mimi siwezi kumwinua, kwa sababu ya mpaka. Kwa hivyo safari zitakufa zenyewe, bila mtu yeyote kukataa, bila neno baya. Atatafuta gari lingine na nitakuwa huru. Nililijua hilo kila mara fundi alipoinua grainda. Na kila mara nilisema wacha. Nilichoka kushikwa, na niliogopa kuachiwa. Nikishaachiwa, ni nani mwingine aliyebaki duniani ambaye mtu akiniona naye atajua nilikuwa na mke?

Ilikuwa msimu wa masika. Nilipofika Mghange asubuhi ukungu ulikuwa umelala hadi kwenye matuta ya shamba lake, ng'ombe akisikika bila kuonekana. Mama alikuwa ameshavaa koti lake la kanisani, amesimama langoni na mwavuli. Akakanyaga kidato, akapanda. Tulipotoka tu, mvua ikashuka.

Njia ya kutoka kwake hadi lami ni ya udongo mwekundu, upande mmoja kilima, upande mwingine mteremko. Maji ya usiku yalikuwa yameula mteremko. Nikalaza gari upande wa kushoto, upande wa kilima, tairi zikitembea kwenye ukingo wa mtaro. Nilikuwa nakwenda polepole sana. Mama alikuwa ameshika mkono wa chuma kwa mikono yote miwili, midomo ikitembea, anaomba. Kisha ukingo ukavunjika. Gari likateleza kushoto, likaingia mtaroni taratibu kama mtu anayekaa chini, na mlango wa mama ukabanwa na udongo wa kilima. Nikasikia chuma kikigonga jiwe. Tukasimama.

Nilijaribu kwenda mbele. Gari halikusogea, lilijikaza na kulia. Nikajaribu nyuma. Tairi zikazunguka bure, matope yakaruka hadi kwenye kioo. Nikashuka, nikainama kwenye mvua, nikaona. Kidato kilikuwa kimeingia barabara nyuma ya jiwe lililozama kwenye kilima. Mbele hakupitiki, jiwe limeshika. Nyuma ni mlima na utelezi. Winchi yangu iko mbele, inavuta mbele tu. Nikiivuta, nitakikaza kidato kwenye jiwe hadi chesisi ipinde, maana kilichomelewa humo humo, nilivyotaka mwenyewe.

Nilirudi ndani nikiwa nimelowa. Mvua ilipiga paa kiasi kwamba hata kama tungekuwa watu wa kuzungumza tusingesikiana. Nilipiga simu kwa mtu mwenye trekta. Akasema daraja la kwao limejaa maji, labda kesho. Nikaweka simu kwenye dashibodi. Vioo vilijaa mvuke. Upande wa mama hapakuonekana kitu ila udongo mwekundu uliogandamana na dirisha, na mizizi midogo ikining'inia. Nilihisi tumezikwa. Sitaki kulipamba hilo. Ndivyo nilivyohisi, na nilipomtazama mama kwa pembe ya jicho, naye alikuwa anaitazama ile mizizi.

Tulikaa. Mvua ilipungua kidogo, ikarudi. Maji yalianza kupita mtaroni chini yetu, niliyasikia yakichimba. Gari lililala kidogo zaidi.

"Ni nini kimetushika?" mama aliuliza.

Aliuliza akitazama kioo cha mbele, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumpitishia swali. Nikajibu kwa kioo.

"Kile kidato, mama. Kimeingia nyuma ya jiwe."

Kisha nikasikia sauti ambayo sikuielewa mara moja. Alikuwa anacheka. Alicheka bila kufungua mdomo, mabega yakitikisika chini ya koti.

"Ni yeye huyo," alisema. "Hata nyumbani, mgeni akisema anaondoka, alimshika mkono mlangoni. Hakuachii mpaka unywe chai. Nilimpiga kwa tabia hiyo akiwa mdogo. Watu wana safari zao, wewe unawashika."

Ilikuwa kweli. Hata mimi alinishika hivyo siku ya kwanza.

"Kinakatika?" mama akauliza.

"Kinakatika. Nina msumeno wa chuma."

"Basi kata."

Sikusogea. Nilishika usukani wa gari lililosimama.

"Mkwe, umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

"Au unataka tulale hapa, mimi na wewe, kesho watu wa Mghange wapate la kuzungumza hadi Krismasi?"

Hapo hata mimi nilitabasamu kidogo. Lakini mkono haukutoka kwenye usukani. Nikamwambia ukweli, nikikitazama kile kioo chenye mvuke. "Nikikikata, mama, hutaweza kupanda tena."

Alifuta kioo kwa kiganja.

"Hilo ni la baadaye," alisema. "Sasa hivi siwezi kushuka."

Na kweli, hilo lilikuwa la kwanza. Nisingeweza kukata akiwa ndani. Chuma kikiachia, gari linaweza kuruka au kulala zaidi. Mlango wake ulikuwa umezikwa. Njia ilikuwa moja, upande wangu, na upande wangu sasa ulikuwa juu zaidi kuliko siku zote, gari likiwa limelala. Alijivuta kwenye kiti kile kirefu. Alipita pale katikati, mahali pa bintiye, akainua goti bovu kwa mikono miwili kulivusha juu ya gia. Akafika mlangoni, miguu ikining'inia hewani. Mimi nilikuwa chini kwenye matope. Nilisimama hatua moja mbali, mikono ubavuni, kama askari.

"Nishike," alisema.

"Mama..."

"Nishike, mkwe. Ama unangoja niruke kama mbuzi?"

Nikamshika. Nilipitisha mikono chini ya makwapa yake, naye akaweka mikono mabegani kwangu na kufumba macho. Alikuwa mwepesi. Sikutegemea wepesi ule. Alinuka moshi wa kuni na dawa ya kuchua, ile ile niliyokuwa nikimpaka mke wangu miguuni. Nilimweka chini mahali pa majani. Alifungua mwavuli wake akasimama kando ya kilima, na mimi nikachukua msumeno nyuma ya kiti. Leso ilikuwa juu yake. Niliisogeza.

Niliweka mawe nyuma ya tairi na mbele yake, nikaingia chini ya gari kwa upande wa kulia, nikatambaa hadi ule upande wa pili. Maji ya mtaro yalinipita shingoni. Nilianza kukata mguu wa mbele wa kidato, karibu na chesisi. Fundi alikuwa amefanya kazi nzuri. Pale alipochomelea msumeno uliteleza tu, ikabidi nishuke chini kidogo, kwenye bomba tupu. Kisu cha kwanza cha msumeno kilivunjika. Nikaweka kingine. Kila nilipopumzika nilisikia sauti yake juu yangu.

"Unakata au unaomba?"

"Nakata, mama."

"Maana mimi nishaomba vya kutosha kwa wote wawili. Wewe kata."

Ule mpira ulikuwa karibu na uso wangu. Niliona mahali pa kisigino. Nilikata nikiwa nimefumba macho, si kwa uchungu tu. Vumbi la chuma lilikuwa linaniingia. Mguu wa pili ulipobakia kidogo, ukajipinda wenyewe na kukatika kwa kishindo. Gari lilishuka kidogo, likalia, likatulia. Kidato kilibaki kwenye kilima, kimekumbatia jiwe lake.

Nilitoka, nikapeleka waya wa winchi hadi kwenye mkaratusi uliokuwa mbele, nikaufunga. Nikaondoa mawe ya mbele. Gari likajivuta kutoka mtaroni polepole, likasimama barabarani, upande wake wa kushoto ukiwa mtupu kama upande wa kulia. Kwa mara ya kwanza lilikuwa jinsi fundi alivyotaka.

Nyuma nilikuwa na kreti za plastiki za nyanya. Nikashusha moja, nikaigeuza chini juu kando ya mlango. Mama aliitazama ile kreti, akaipima kwa mwavuli. Kisha akanipa mkono bila kunitazama, akakanyaga, akapanda. Kliniki walikuwa karibu kufunga. Walimgombeza kwa kuchelewa, naye akawaambia kwamba alikuwa ameshikwa na mtu mlangoni.

Nilipomweleza fundi, hakusema "nilikwambia". Alinawa mikono kwa mafuta ya taa, akafikiri.

"Kilete," akasema. "Nitakirudisha kwa bawaba. Kitakunjika kwenda juu ukiwa njiani, ukisimama unakishusha."

"Bawaba? Kwa nini hukusema tangu mwanzo?"

"Ulisema kisitikisike."

Kwa hivyo simu ilipolia tena, nilipanda Mghange na mtaimbo na jembe. Nilitaka kukichimbua kile chuma, nikipeleke gereji siku hiyo hiyo. Nilisimamisha gari pale. Jiwe lilikuwepo. Kidato hakikuwepo. Palikuwa na shimo tu, limejaa maji, na alama za jembe pembeni. Nikajua ni watu wa vyuma vikuukuu, wale wanaopita na mikokoteni. Nilikaa ndani ya gari kwa muda, injini ikinguruma. Kama simu ingelia wakati ule na mtu akaniambia nirudi nyumbani, ningerudi.

Mama hakuwa langoni. Nilisimama nje kwa heshima, nikaita. Akajibu kutoka zizini. Nilizunguka nyumba. Alikuwa anakamua, ndoo kati ya miguu, paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe, na alikuwa amekalia kidato. Kile kipande cha mpira kilikuwa chini yake. Miguu ya bomba niliyoikata ilikuwa imezama kidogo kwenye samadi, imekaa sawa.

"Nilikwenda na jirani tukakichimba," alisema bila kugeuka. "Kimo chake ni kizuri. Goti halilii."

Nilisimama na mtaimbo mkononi. Nilikuwa nimeandaa maneno juu ya bawaba njia nzima. Maziwa yalikuwa yanaingia ndooni, mkono huu, mkono ule.

"Usisimame hapo nyuma. Ng'ombe hajakuzoea."

Nikasogea.

"Kreti umeleta?"

"Nimeleta, mama."

Nilirudi garini, nikauweka mtaimbo nyuma, nikaishusha kreti na kuigeuza kando ya mlango. Nikangoja. Alikuja na koti la kanisani na chupa ya maziwa aliyoifunga kwa kitambaa. Akanipa mkono, akapanda. Safari hii chupa aliiweka katikati, pale ambapo hapajawekwa kitu. Niliirudisha kreti nyuma, nikazunguka, nikapanda kwangu, nikafunga mlango. Mvua ilikuwa imeanza tena, ndogo ndogo. Njia ilikuwa ile ile, na mwezi ujao itakuwa ile ile.

"Punguza mwendo," alisema.

Nilikuwa bado sijawasha gari.